UZI: Maegesho ya wazi ghorofa sita, mteja anataka raiza kavu. Presha itatoka wapi?

Kichwa_Ramani

Wakuu, salaam. Nina mchoro wa jengo la maegesho hapa Dar, sakafu sita ukihesabu na paa, maana juu nako magari yatalala. Pembeni pako wazi pande zote nne, kuna ukuta wa kiunoni tu wa kuzuia gari lisidondoke. Kila sakafu ni mita 70 kwa 40. Ngazi ziko mbili, kila moja katikati ya upande mfupi. Barabara iko mashariki. Magharibi tumebanana na jirani, gari la zimamoto halipiti hata kwa dawa.

Mteja kashikilia raiza kavu. Kwa wasio wa fani hii: ni bomba la chuma linalopanda ghorofani likiwa tupu, halina maji wala pampu. Moto ukitokea, gari la zimamoto linaunganisha mpira kwenye mdomo ulio chini ukutani, linasukuma maji, na askari walio juu wanachomeka mipira yao kwenye vali ya sakafu husika. Mteja anaipenda kwa sababu anafuta pampu, tenki na jenereta kwenye bajeti kwa mkupuo mmoja. Msanifu naye kamtia kiburi kwa kumtolea ukurasa wa kanuni za Marekani unaosema maegesho ya wazi yanaruhusiwa bomba kavu.

Sakafu ya paa iko mita 16 kutoka chini, vali yake itakuwa kama mita 17. Bomba la mlalo kutoka mdomo wa mashariki hadi ngazi ya magharibi ni mita 80. Niweke bomba la kipenyo cha milimita 100 au 150? Na hiyo kanuni ya msanifu inasimama huku kwetu?

Chalii_wa_Site

Naweka kigoda hapa. Wenye fani karibuni.

Nyundo_Minnesota

Mkuu, hiyo kanuni ndiyo inayonilisha huku Minneapolis, kazi yangu ni kuchora mabomba ya zimamoto. Msanifu wako kasoma mstari wa kwanza akafunga kitabu.

Ni IBC, kanuni ya majengo ya Marekani, kifungu cha 905. Kinaanza kwa kudai raiza kwenye jengo ambalo sakafu yake ya juu imezidi futi 30, yaani mita 9 na kidogo, kutoka pale gari la zimamoto linapofika. Halafu kinalegeza kwa maegesho ya wazi: mradi sakafu ya juu kabisa haijapita futi 150 (mita 45.7), unaruhusiwa kutegemea pampu ya gari la zimamoto badala ya pampu ya jengo. Kulegeza kwa pili ndiko alikokuonyesha, kwamba bomba linaweza kuwa kavu, ila kuna maneno kayaruka: pale ambapo maji yanaweza kuganda. Na hapo hapo wanakubana kwenye nafasi za vali, kila kona ifikiwe na mpira wa futi 100 pamoja na futi 30 za mruko wa maji.

Huku Januari bomba lenye maji kwenye jengo lisilo na kuta linapasuka usiku mmoja tu. Ndiyo maana linaachwa tupu. Sasa Dar maji yataganda lini? Ukiondoa baridi, sababu ya ukavu imeondoka, zinabaki hasara zake. NFPA 14, kiwango cha Marekani cha raiza, ina aina nyingine ambayo watu huku kwetu hawaitaji: bomba la kusukumiwa na gari vilevile, ila limejaa maji muda wote kwa kulishwa na mrija mdogo kutoka tenki la kawaida la jengo. Ule mrija hauzimi moto, kazi yake ni kuhakikisha bomba halina hewa. Presha bado inaletwa na gari. Ningekuwa wewe ningeanzia hapo.

Halafu hakikisha jengo lako kweli ni "la wazi" kwa kipimo cha kanuni. Uwazi usipungue asilimia 20 ya eneo la ukuta wa nje kwa kila sakafu, na urefu wa sehemu zilizo wazi usipungue asilimia 40 ya mzunguko. Nimeona michoro ambayo mteja amekuja kuongeza mabango ya matangazo pembeni, uwazi ukaisha.

Kilindini_QS

Kaka wa Minnesota, umesema kweli lakini nusu. Pwani hii raiza kavu haikuletwa na Wamarekani, ililetwa na Waingereza, na wao hawaangalii barafu, wanaangalia urefu. Kwa BS 9990, kiwango chao cha raiza, jengo likiwa chini ya mita 50 raiza kavu ni halali. Likipita hapo lazima iwe na maji na pampu zake. Grenfell Tower ya London, ile iliyoungua 2017, ilikuwa mita 67 na raiza yake kavu, kwa kipimo cha leo isingepita. Kwa hiyo mkaguzi wa Mombasa au Dar aliyesomea vitabu vya Kiingereza hatashtuka kuona raiza kavu kwenye jengo la mita 17.

Kinachonishtua mimi ni zile mita 80 za mlalo. Waingereza wanataka gari lisimame ndani ya mita 18 kutoka kwenye mdomo na dereva auone kwa macho, na kutoka mdomoni bomba lipande juu mara moja. Ninyi mnataka maji yatembee jengo zima kwanza.

Hesabu_Tu

Tuache vitabu vigombane, tupige hesabu. Kwa mfumo huu unaanzia juu unashuka.

Vali ya mbali kabisa NFPA 14 inataka 6.9 bar. Zamani ilikuwa 4.5, ikapandishwa baada ya moto wa One Meridian Plaza, Philadelphia, Februari 1991, ambako askari watatu walifariki na mipira ilikuwa inatoa maji dhaifu kwa sababu vali za kupunguza presha zilipangwa vibaya. Kiasi cha maji ni lita 1,893 kwa dakika kwa raiza ya kwanza na 946 kwa kila inayofuata. Raiza zako mbili, jumla 2,839.

Kupanda mita 17 kunakula 1.67 bar, hiyo haina ujanja. Raiza yenyewe ya 100 pamoja na viwiko vyake, 0.57. Mdomo na vali ya kuzuia maji kurudi, weka 0.3. Sasa njoo kwenye mlalo. Mita 80, ukiongeza viwiko na vali hesabu iwe kama 110. Bomba kavu la chuma cheusi linachukuliwa kuwa na kutu ndani, kwa hiyo C ya Hazen-Williams, ile namba ya ulaini wa bomba kwenye hesabu ya msuguano, ni 100, siyo 120 ya bomba lililojaa maji. Kwa milimita 150 unapoteza 0.72 bar. Kwa milimita 100 unapoteza 5.3.

Jumla mdomoni: ukiweka 150 unahitaji 10.2 bar. Ukiweka 100 unahitaji 14.7. Swali la kwanza limejibiwa, raiza 100, mlalo 150.

Kichwa_Ramani

Nimekuelewa mkuu, hiyo tofauti ya 0.72 na 5.3 nitaichapa niibandike ofisini kwa msanifu. Sasa hiyo 10.2 bar, gari letu linaitoa?

Hesabu_Tu

Hapo ndipo shughuli ilipo. Pampu ya gari yenye alama FPN 10-2000 kwa kiwango cha Ulaya inatoa lita 2,000 kwa dakika kwa 10 bar. Wewe unaiomba 2,839 kwa 10.2, na hujahesabu inayopotea kwenye mpira kati ya gari na mdomo. Haiwezi. Marekani gari lao linapimwa kwa 10.3 bar, na la lita 4,700 au 5,700 kwa dakika ni la kawaida. Kanuni yao imeandikwa kwa gari lao. Ukiichukua kanuni bila gari umechukua karatasi.

Jaribu kipimo cha Waingereza, lita 1,500 kwa dakika, mipira miwili ya 750. Gari la 10 bar, toa 0.5 ya mpira, 0.3 ya mdomo, 1.67 ya kupanda, 0.37 ya raiza, 0.22 ya mlalo wa 150. Juu inabaki 6.9. Mlalo ukiwa wa 100 inabaki 5.5. Ningeandika kwenye ripoti aina ya gari la kituo kitakachokuja, lita zake na bar zake, na mtu wa kituo asaini.

Mstaafu_wa_Zima

Vijana, nimesoma nikafurahi. Nimekula chumvi kwenye hayo magari, niwaambie kinachotokea mkifika na bomba kavu.

Cha kwanza ni boksi la ukutani. Kuna jengo moja mjini, sitalitaja, tulifungua mlango wa kioo wa boksi tukakuta mdomo mmoja umejazwa mifuko ya plastiki na chupa ya soda imekaa shingo ndani. Mdomo wa pili hauna kifuniko, nyigu wamejenga. Ukisukuma maji hapo, taka zote zinapanda na kwenda kuziba nozeli ya kijana aliye ndani ya moshi. Siku hiyo lilikuwa zoezi tu, tulicheka. Boksi lenyewe lilikuwa nyuma ya kibanda cha wakala wa pesa, ilibidi mama wa watu ahamishe meza.

Cha pili ni vali za juu. Kila askari anajua kabla ya kusukuma maji unatuma mtu apande kuhakikisha vali zote zimefungwa isipokuwa ile ya kazi. Vali moja ikiwa wazi sakafu ya pili, maji yote yanamwagika pale na wewe sakafu ya sita unapigwa na upepo. Au vali haipo kabisa, imeshauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Shaba ya raiza ina soko zuri kuliko mnavyofikiri.

Cha tatu, kaplingi, yaani kiungio cha mpira na mdomo. Magari mengi niliyoyafanyia kazi yalikuwa na kaplingi ya Kiingereza ya kubonyeza na kuvuta, BS 336. Mkandarasi ananunua seti kutoka nje, mdomo unakuja na nyuzi za Kimarekani au masikio ya Storz, unang'aa, mkaguzi wa mteja anapiga picha. Mpira wetu hauingii. Baltimore iliungua Februari 1904 magari ya miji mingine yakifika na mipira isiyoingia kwenye haidranti zao. Zaidi ya miaka 100 imepita na bado watu wananunua kaplingi kwa kuangalia picha.

Na cha nne hamjakigusa kabisa. Bomba lenyewe linakunywa maji mangapi kabla ya tone la kwanza kutoka juu?

Hesabu_Tu

Shikamoo mzee. Swali zuri, nimelipiga. Bomba la 150 lina lita 18.6 kwa kila mita, mita 80 ni kama 1,490. Raiza mbili za 100, lita 8.2 kwa mita, ni 280. Jumla lita 1,770.

Mstaafu_wa_Zima

Marahaba mwanangu. Sasa gari la kawaida la Uingereza tumboni lina takriban lita 1,800. Umeona? Linafika, linajaza bomba lenu, limekwisha. Magari yetu mengine yana matangi makubwa zaidi, lakini hata lita 5,000, ukitoa hizo 1,770 halafu ufungue mipira miwili kwa lita 1,500, una dakika mbili na kitu. Baada ya hapo unatazama barabarani kama kuna haidranti yenye maji.

Na lita 1,770 za maji zikiingia, lita 1,770 za hewa lazima zitoke. Juu kabisa ya kila raiza weka vali ya kutoa hewa yenyewe, ile inayojifunga maji yakifika. Bila hiyo hewa inabanwa kileleni, na kijana akifungua vali inamtoka kwa kishindo. Nimeona mtu mzima anatupwa chini na nozeli.

Meneja_wa_Jengo

Naomba nichangie kama mtu anayekaa na haya majengo baada ya ninyi kuondoka. Mnapendekeza bomba lijazwe maji. Mnajua nini kitatokea? Vijana wa kuosha magari. Bomba lenye maji kwenye sakafu ya maegesho, vali ya milimita 65, ndoo na sabuni. Wiki ya kwanza tu. Mlinzi anapewa kidogo anageuka pembeni. Sehemu ninayosimamia tulikuwa na riili ya mpira wa zimamoto kila sakafu, ilikuwa car wash kamili, wana mpaka wateja wa kudumu. Raiza kavu haina mtu wa kuiosha nayo gari.

Nyundo_Minnesota

Bosi, hiyo hoja sijawahi kuikuta kwenye kitabu chochote na ni ya kweli kabisa. Lakini hebu tuiangalie upande wa pili. Wakifungua vali ya bomba lililojaa, maji yanatembea, na maji yakitembea unaweza kuweka swichi ya mtiririko kwenye ule mrija wa kujazia, ikalia kengele kibandani na kwa mwenye jengo. Mwizi wa vali vilevile, akiifungua analowa na kengele inalia. Bomba tupu likiibiwa vali, likikatwa, likigongwa na lori, halisemi kitu. Utajua siku ya moto.

Hii imeua watu. New York, Agosti 2007, jengo la Deutsche Bank lililokuwa linabomolewa liliwaka, raiza yake ilikuwa imekatwa chini kwenye besimenti na hakuna aliyejua. Askari wawili walifariki. Baada ya pale jiji likataka raiza za majengo yanayojengwa au kubomolewa zipakwe rangi nyekundu na zitiwe hewa yenye kengele, ili presha ikishuka ijulikane. Hiyo nayo ni njia kama mteja anang'ang'ania ukavu: kikompresa kidogo, hewa kidogo ndani, swichi. Lakini ukishanunua kikompresa na swichi, mrija wa maji ulikuwa rahisi zaidi.

Na kutu. Bomba lenye matone yaliyobaki baada ya majaribio, na hewa tele, tena hewa ya bahari, linaliwa ndani kuliko lililojaa maji yaliyotulia. Kama ni kavu lazima mlalo uwe na mteremko na vali ya kumwagia maji kila palipo chini. Wachoraji wanaandika "mteremko" kwenye karatasi, fundi anafunga bomba sawa na boriti kwa sababu ya kimo cha gari.

Meneja_wa_Jengo

Swichi ya kengele nakubali. Lakini hicho kimo cha gari mmekigusa juu juu. Hiace yenye mizigo juu ndiyo adui wa kila bomba la maegesho. Mlalo upitisheni nyuma ya boriti, si chini yake, na raiza iliyo pembeni ya njia ya magari ikingwe kwa nguzo za chuma zilizojaa zege.

Dada_Usalama

Nimechora sakafu yako kwa kipimo, Kichwa_Ramani, na raiza mbili hazitoshi hata kama presha ingekuwa ya bure. Ngazi iko katikati ya upande mfupi. Nenda katikati ya upande mrefu: mita 35 kwa urefu, 20 kwa upana. Hata ungeruka kama kunguru ni mita 40.3, na kanuni ya msanifu wako inaishia 39.6 (zile futi 100 na 30). Mpira haurukii magari, unapita njiani na kukata kona, ni mita 55. Waingereza kwenye jengo lisilo na sprinkla (vinyunyizi vya darini vinavyojifungua kwa joto) wanataka isizidi 45 kwa njia ambayo mpira unaweza kulazwa. Kwa vitabu vyote viwili umeanguka, na sehemu iliyoanguka ndiyo katikati ya jengo, penye magari mengi kuliko kote.

Ongeza raiza ya tatu katikati. Haitakuwa ndani ya ngazi, hivyo askari ataanzia mpira ngazini kwanza na hiyo ya kati itakuwa ya kusogea nayo mbele, lakini iwepo. Kwa hesabu za Kimarekani mahitaji yanapanda kuwa lita 3,785 kwa dakika, sababu nyingine ya kukaa na 1,500 na kuandika kwa nini.

Kichwa_Ramani

Dada, asante sana. Hiyo ya katikati nilipima kwa rula kutoka ngazi hadi ngazi, sikupima kwa njia ya mpira. Kuna aliyeuliza inbox kwa nini tusiweke sprinkla tu tuache haya yote. Mteja akisikia neno hilo anazima simu.

Nyundo_Minnesota

Mwambie awashe simu. Huu ndio upande ambao msanifu hajamwonyesha, kwamba hata Marekani wenyewe wameanza kuuacha ule msimamo.

Maegesho ya wazi yalihurumiwa kwa sababu moshi na joto vinatoka pembeni. Majaribio ya 1972 kule Scranton, Pennsylvania, yalionyesha gari likiwaka kwenye jengo la wazi moto hauendi mbali. Gari la 1972 lilikuwa bati na kiti cha sponji. Gari la leo ni plastiki hadi tenki la mafuta, na ni pana, limeegeshwa sentimita chache kutoka kwa mwenzake. Liverpool, 31 Desemba 2017, jengo la maegesho kando ya uwanja wa Echo Arena: gari moja lilianza, yakaungua karibu 1,400. Tenki za plastiki zilipasuka, mafuta yanayowaka yakaingia kwenye mifereji ya maji ya mvua na kushusha moto sakafu za chini. Sola karibu na Stavanger, Norway, Januari 2020, mamia ya magari na sehemu ya jengo ikaanguka. Luton, Oktoba 2023, gari la dizeli, zaidi ya magari 1,300 na jengo lenye fremu ya chuma likashuka sehemu. Yote matatu hayakuwa na sprinkla.

IBC ya 2021 ikaweka mpaka: maegesho ya wazi yakizidi futi za mraba 48,000, yaani mita za mraba 4,460, sprinkla lazima. NFPA 88A ya 2023, kiwango chao cha majengo ya maegesho, ikaenda mbali zaidi, maegesho yote mapya. Jengo la ndugu yetu sakafu moja ni 2,800, na rampu zinaunganisha sakafu zote, kwa hiyo unahesabu jumla 16,800. Msanifu akisema "Marekani wanaruhusu", muulize toleo la mwaka gani.

Kilindini_QS

Na msisahau upepo. Jengo la wazi ufukweni wakati wa kusi, ule uwazi mnaousifia ndio unaopuliza moto kutoka mstari mmoja wa magari kwenda mwingine. Hewa ikitoka upande mmoja imeingia upande wa pili.

Kuhusu pesa, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu: mwambie mteja hafuti tenki hata akitaka. Lita 1,500 kwa dakika kwa nusu saa ni mita za ujazo 45. Maji hayo yasipokuwa kwake yatakuwa wapi?

Mstaafu_wa_Zima

Naunga mkono hoja. Tenki la chini, la zege, mita za ujazo 45, na mdomo wa kunyonyea uliotoka nje hadi usawa wa gari. Gari linanyonya pale, linasukuma mdomo wa raiza pale pale. Kimo cha kunyonya kisizidi mita 7 hivi, zaidi ya hapo pampu inahangaika. Na mdomo wa kunyonyea na mdomo wa raiza vikae karibu, nisiulizwe nigawe mipira pande mbili za jengo. Kabla ya kumwaga zege leta mchoro Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ombeni afisa aje na kaplingi mkononi aijaribu kwenye sampuli. Si kazi ya siku nzima.

Chalii_wa_Site

Samahani wakuu, swali la mjinga. Tenki lipo, bomba limejaa, sasa si tuongeze pampu tu yaishe? Gari likichelewa foleni ya Barabara ya Mandela je?

Hesabu_Tu

Si la mjinga hata kidogo. Kwa hesabu ile ile pampu ya lita 1,500 kwa karibu 9.5 bar inatosha, maana mpira wa gari hauhesabiwi. Inachoongeza ni pampu ya dizeli au umeme wa akiba, chumba, na mtu wa kuiwasha kila wiki. Ila pampu pekee bila sprinkla inampa maji nani kabla askari hawajafika? Mlinzi wa usiku hashiki mpira wa 65 peke yake. Kama mteja atatoa pesa ya pampu, itoke pamoja na sprinkla, tenki likuzwe, na raiza zipate maji humo humo.

Kichwa_Ramani

Mrejesho wakuu. Nimekaa na mteja na msanifu. Hesabu ya 14.7 bar ilimnyamazisha msanifu, picha za Liverpool zikamnyamazisha mteja, kwa muda. Sprinkla hajazikubali bado, kasema apewe bei ya sakafu tano zenye paa juu yake na tenki lililokuzwa, ndipo aseme. Vilivyokubaliwa hadi sasa: raiza tatu za 100, mlalo wa 150 nyuma ya boriti, bomba lijazwe maji kwa mrija wa 25 kutoka tenki dogo juu ya paa la ngazi, vali ya kuzuia maji kurudi na swichi ya mtiririko, kengele kibandani. Vali ya hewa kila kilele. Tenki la chini 45. Midomo yote BS 336, mashariki, mita sita kutoka pale gari linaposimama. Majaribio 12 bar kwa dakika 15 kabla ya kukabidhi, halafu kila mwaka, na ukaguzi wa macho kila miezi sita.

Limebaki moja. Ile nafasi ya gari kusimama mbele ya midomo, mteja kaihesabu kama maegesho mawili ya kulipia.

Mstaafu_wa_Zima

Akatae kuhesabu. Piga mistari ya njano, weka nguzo za kung'oa zenye kufuli moja, ufunguo wa pili ukae kituo cha zimamoto cha karibu. Ukiacha rangi peke yake, usiku wa moto utakuta pana Noah imeegeshwa na mwenyewe kaenda harusini.

Meneja_wa_Jengo

Na namba ya 114 iandikwe kubwa kibandani, pamoja na jina la barabara ya kuingilia. Walinzi wengi wanajua kupiga, hawajui kueleza jengo liko wapi.